Shajara ya mradi: zamu kwenye nyaya nane, kompyuta ya 65C02 juu ya bredibodi

Lengo la mradi ni kujenga kompyuta ndogo ambayo kila safari ya baiti kati ya kichakataji na kumbukumbu inaonekana kwa macho, mzunguko mmoja wa saa baada ya mwingine. Kichakataji tulichochagua ni W65C02S, ndugu wa 6502 iliyotolewa na MOS Technology mwaka 1975 na kutumika ndani ya Apple II ya mwaka 1977. Ina nyaya 16 za anwani, nane za data, na pini moja inayosema kama safari ni ya kusoma au ya kuandika. Zote ziko nje, kila moja na pini yake. Kichakataji cha 8085 tulikiacha kwa sababu hiyohiyo: pini zake nane hubeba sehemu ya chini ya anwani, kisha zikabeba data, na kwa anayeanza hilo linaficha jambo lenyewe tunalotaka kuliona.

Sababu ya pili ni kwamba W65C02S inaweza kusimamishwa. Saa, yaani mapigo ya umeme yanayokiongoza, ikisimama, rejista zake (hifadhi ndogo za ndani) hazipotezi kitu. 6502 za zamani hazikuwa hivyo. Saa ikichelewa mno zilisahau.

WIKI YA 1: Umeme, saa na pini zisizopaswa kuelea

Vifaa: W65C02S moja, EEPROM ya AT28C256 (ROM yetu, kumbukumbu isiyopotea umeme ukikatika; kilobaiti 32, hujibu kwa nanosekunde 150), RAM tuli ya 62256 (kumbukumbu ya kuandika na kusoma; kilobaiti 32, nanosekunde 55), 74HC00 moja (mageti manne ya NAND, ambayo pato lake hushuka pale tu maingizo yote mawili yakiwa juu), 74HC32 moja (mageti ya OR), 74HC574 moja (hushikilia baiti moja) yenye taa nane za LED, 74HC14 moja (hunoa kingo za mapigo), chipu ya 555 (hutoa mapigo ya polepole), oskileta za megahezi 1, 4 na 8 (vyanzo vya saa ya kasi), bodi ya Arduino Mega ya kutazama nyaya, na bredibodi (ubao wa kuchomeka chipu na nyaya bila kulehemu) nne za matundu 830. Nyaya tulizitoa ndani ya kebo ya mtandao ya Cat5e. Hakikisha ni ile ya shaba ngumu, si ya nyuzinyuzi; ya nyuzinyuzi hujikunja ndani ya tundu na kugusa jirani.

Kabla ya chipu yoyote, pima njia za umeme za bredibodi kwa multimita kutoka mwisho hadi mwisho. Nyingi za matundu 830 zimekatika katikati, na nusu ya pili hubaki bila volti 5 bila alama yoyote ya kueleweka. Kila chipu ina kapasita yake ya nanofaradi 100, miguu mifupi, karibu na pini zake za umeme. Kwenye mlango wa umeme tumeweka kapasita ya mikrofaradi 100.

Kisha pini za kichakataji. RDY (ya kukisubirisha kichakataji) na pini nyingine za udhibiti, IRQB, NMIB, BE na SOB, zinapandishwa volti 5 kwa rezista za kiloohmu 3.3. BE ikiachwa ikielea, kichakataji kinaweza kuachia nyaya zake zote na ukadhani kimekufa. RDY isiunganishwe moja kwa moja na volti 5, kwa kuwa katika W65C02S pini hiyo inaweza pia kutoa: amri ya kusubiri, WAI, huishusha, na bila rezista unakuwa umegonganisha pato na umeme. Mtego mkubwa zaidi ni pini ya 1. Katika 6502 ya zamani pini hiyo ni grauni (volti 0). Katika W65C02S ni pato. Michoro mingi ya zamani inaionyesha grauni, na ukiifuata unaliunganisha pato hilo moja kwa moja na grauni. Iache tupu.

Saa ya polepole inatoka kwenye 555 na kupita 74HC14 kabla ya kufika kwenye PHI2, pini ya kichakataji inakoingia saa. Kichakataji kinataka saa inayopanda na kushuka ndani ya nanosekunde 5, na 555 peke yake haina wepesi huo. Kitufe cha kusogeza hatua moja nacho kinapita humo, kikiwa na rezista ya kiloohmu 10 na kapasita ya mikrofaradi 1, la sivyo kubonyeza mara moja kunahesabiwa mara tano.

WIKI YA 2: Kichakataji bila kumbukumbu

Hili ndilo jaribio tunalolishauri kuliko mengine yote, na watu wengi huliruka. Nyaya nane za data hazikuunganishwa na kumbukumbu yoyote. Zilifungwa kwa rezista za kiloohmu 1 ili zisome $EA daima (alama ya $ ni namba ya msingi wa 16, na D7 hadi D0 ni nyaya za data): D7, D6, D5, D3 na D1 kwenye volti 5, D4, D2 na D0 kwenye grauni. $EA ni amri ya NOP, usifanye kitu. Kichakataji kikiuliza anwani yoyote, jibu ni lilelile.

Arduino Mega imeunganishwa na nyaya 16 za anwani, nane za data, RWB (pini ya kusoma au kuandika; juu ni kusoma) na saa: pini 26 kati ya 54 ilizo nazo, pamoja na grauni ya pamoja. Kila saa inapopanda inasoma zote na kutuma mstari mmoja kwa kompyuta. Kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde, herufi 25 kwa mstari ni takriban mistari 460 kwa sekunde, kwa hiyo saa haipaswi kuzidi hapo. Tulifanya kazi kwenye hezi 100.

Baada ya kuishusha RESB, pini ya kuanzisha upya, kwa mizunguko isiyopungua miwili na kuiachia, kichakataji hutumia mizunguko saba kujipanga, na miwili ya mwisho kati ya hiyo inasoma $FFFC na $FFFD, mahali penye anwani ya kuanzia. Kwa kuwa jibu ni $EA kote, kinaruka hadi $EAEA. Kisha orodha inasomeka hivi: EAEA, EAEB, EAEB, EAEC, EAEC, EAED. Baada ya ya kwanza, kila anwani inatokea mara mbili kwa sababu NOP inachukua mizunguko miwili, na katika ule wa pili kichakataji kinasoma baiti inayofuata halafu kinaitupa. Safari imefanyika, mzigo haukuhitajika.

Ukiwa huna Arduino, weka oskileta ya megahezi 1 na taa ya LED yenye rezista ya kiloohmu 1 kwenye A15, waya wa juu kabisa kati ya nyaya 16 za anwani, A0 hadi A15. Anwani inaongezeka kila mizunguko miwili, hivyo A15 inakamilisha duru moja kila mizunguko 131,072. Taa inapepesa takriban mara 7.6 kwa sekunde. Ikipepesa hivyo, saa, umeme, RESB na nyaya zote za data upande wa kichakataji ni salama.

WIKI YA 3: EEPROM inayokataa kuandikwa

Tuliiandika AT28C256 kwa Arduino hiyohiyo. Chipu ya kwanza haikubadilika hata baiti moja, ikabaki na $FF. Sababu ni kufuli la programu lililomo ndani yake, ambalo baadhi ya chipu hufika nalo likiwa limefungwa. Kulifungua unaandika kwa mfuatano: $AA kwenye $5555, $55 kwenye $2AAA, $80 kwenye $5555, $AA kwenye $5555, $55 kwenye $2AAA, $20 kwenye $5555.

Tulifanya hivyo, na bado haikufunguka. Kosa lilikuwa kasi. Kati ya baiti moja na inayofuata zisipite mikrosekunde 150, na kupanga pini zaidi ya ishirini moja moja kwa amri ya kawaida ya Arduino kunakaribia au kuvuka mpaka huo. Tulipoandika moja kwa moja kwenye poti za Mega, biti nane kwa pamoja, kufuli likafunguka mara ya kwanza. Baada ya kuandika, usisubiri milisekunde 10 kwa kukisia: soma D7 ya baiti uliyoiandika. Chipu ikiwa bado inafanya kazi, D7 inatoka kinyume. Ikisomeka sawasawa, imemaliza.

Jambo la kuangalia: EEPROM haipati A15, kwa hiyo $FFFC ya kichakataji ni $7FFC ndani ya chipu. Pale tuliweka $00 na kwenye $7FFD tukaweka $80, baiti ya chini ikitangulia. Ukizigeuza, kichakataji kinakwenda $0080, ndani ya RAM, na kutekeleza takataka iliyozaliwa na umeme ulipowashwa.

WIKI YA 4: Nani aseme, na lini

Hapa ndipo kiini cha mradi kilipo. Nyaya nane za data ni za wote: kichakataji, ROM, RAM na 74HC574 ya taa. Zamu ikiwa ya mmoja, wengine lazima wanyamaze, na si kunyamaza kwa kutoa sifuri, bali kwa kuachia waya kabisa. Mageti manne ya 74HC00 moja yalitosha kugawa zamu zote:

Geti la 1 linageuza A15. Pato lake likiwa chini linachagua ROM. A15 ikiwa juu, ROM inaamka. RAM inapewa A15 yenyewe, kwa hiyo inaamka ikiwa chini. Ramani ni rahisi: $0000 hadi $7FFF ni RAM, $8000 hadi $FFFF ni ROM.
Geti la 2 linageuza RWB.
Geti la 3 linachukua RWB iliyogeuzwa pamoja na PHI2, na kutoa WE ya RAM, ruhusa ya kuandika, inayofanya kazi ikiwa chini.
Geti la 4 linachukua RWB na PHI2, na kutoa OE ya RAM na ya ROM, ruhusa ya kutoa data kwenye nyaya, nayo hufanya kazi ikiwa chini.

WE ya ROM imefungwa volti 5. Taa zinatumia nafasi ambayo ingepotea bure: kuandika ndani ya eneo la ROM hakuna maana, basi kila kuandika kwenye $8000 na kuendelea kunakwenda kwa 74HC574. Geti moja la OR la 74HC32 linaunganisha pato la geti la 3 na la geti la 1, na saa inaposhuka pato hilo linapanda na kushikilia data.

Kwa nini PHI2 iingie kwenye WE? Kila mzunguko unapoanza, anwani na RWB hubadilika, lakini hazibadiliki kwa pamoja. Kichakataji kinapewa hadi nanosekunde 30 kuzituliza. WE ikishuka mapema, RAM inaandika kwenye anwani ambazo nyaya zilizipitia tu zikiwa njiani. Kosa hilo ni baya kwa sababu linaharibu baiti ambayo programu haijaigusa. Kuingiza PHI2 kunaifanya WE isubiri nusu ya pili ya mzunguko, anwani ikiwa imeshatulia.

Na kwa nini OE ya ROM isifungwe tu grauni, kama michoro kadhaa inavyofanya? Kwa sababu ya taa zetu. Kichakataji kinapoandika $55 kwenye $9000, A15 iko juu na ROM imechaguliwa. OE yake ikiwa chini daima, inatoa baiti yake juu ya nyaya zilezile ambazo kichakataji kinatoa yake. Mmoja anavuta juu, mwingine chini, mkondo mkubwa unapita kati yao, chipu zinapata joto, na taa zinaonyesha kitu ambacho si cha huyu wala cha yule.

Programu ya kwanza ilikuwa ya baiti 14: A9 55, 8D 00 02, AD 00 02, 8D 00 90, 4C 00 80. Weka $55, iandike $0200, isome tena, ipeleke kwenye taa, rudi mwanzo. Orodha ya Mega, k ikiwa kusoma na A kuandika:

8000 k A9
8001 k 55
8002 k 8D
8003 k 00
8004 k 02
0200 A 55
8005 k AD
8006 k 00
8007 k 02
0200 k 55
8008 k 8D
8009 k 00
800A k 90
9000 A 55
800B k 4C
800C k 00
800D k 80

Safari 17. Hesabu zile zilizobeba data ya programu kwenda RAM, kutoka RAM au kwenda kwenye taa: ni tatu. Kumi na nne zilizobaki ni kichakataji kikichukua amri na anwani zake. Hili ndilo John Backus aliloliita shingo ya chupa ya von Neumann katika mhadhara wake wa Tuzo ya Turing mwaka 1977: njia moja nyembamba inayobeba amri na data, na sehemu kubwa ya msafara si mzigo wenyewe bali maelekezo ya kuufuata. Kuiona kwenye orodha ya mistari 17 kunaeleza zaidi ya kurasa nyingi.

Tulibadilisha $0200 kuwa $20, ndani ya ukurasa wa sifuri, ambako anwani ni baiti moja. Duru ikashuka hadi safari 15. Ndiyo sababu waandishi wa programu za 6502 hugombania baiti 256 za kwanza.

WIKI YA 5: RAM iliyojibu ikiwa haipo

Tuliitoa RAM kwenye tundu lake na kuiendesha programu ya juu kwa megahezi 1. Taa zilipaswa kuonyesha upuuzi wowote. Zilionyesha 00000010 bila kuyumba, yaani $02. Jibu liko kwenye orodha hapo juu: kabla tu ya kusoma $0200, kichakataji kilichukua $02, baiti ya juu ya anwani. Hakuna aliyejibu baada yake, na nyaya za bredibodi zina uwezo wa kutunza chaji kwa muda huo. Kichakataji kilisoma mwangwi wa safari iliyotangulia.

Kwa hiyo jaribio la kumbukumbu linaloandika baiti na kuisoma papo hapo lisiaminiwe. Tuliongeza rezista nane za kiloohmu 3.3 kutoka nyaya za data hadi volti 5. Sasa tundu tupu linasoma $FF, jibu ambalo halifanani na ukweli wowote. Rezista hizo zinatibu tatizo jingine pia: RAM na EEPROM zinaahidi volti 2.4 tu kwa biti ya 1, wakati W65C02S inadai asilimia 70 ya umeme wake, yaani volti 3.5. Kwa kawaida chipu hupanda zaidi ya ahadi, lakini kujenga juu ya kawaida si kujenga.

Jaribio jipya linajaza RAM yote kwanza, ndipo linasoma. Awamu ya kwanza kila anwani inapewa baiti yake ya chini. Awamu ya pili, baiti yake ya juu. Awamu moja haitoshi, maana ukitumia baiti ya chini pekee mfuatano unajirudia kila baiti 256 na hitilafu ya A8 hadi A14 haionekani. Kielekezi cha jaribio kimekaa $00 na $01, kwa hiyo linaanzia $0200. Ukurasa wa sifuri na staki (ukurasa wa $0100 unaotunza anwani za kurudi) vinapimwa kando.

Awamu ya pili ilikataa hapohapo: $0200 ilitakiwa iwe na $02, ikawa na $03. Tofauti ni biti ya 0 ya baiti ya juu, yaani A8. Waya ulikuwa ndani ya tundu la jirani, na pini ya A8 ya RAM ikasomeka chini. Matokeo yake ni kwamba ukurasa wa sifuri na ukurasa wa staki vilikuwa mahali pamoja. Programu zisizo na JSR, amri ya kuita programu ndogo, zilikwenda vizuri. Zenye JSR zilipotea njia ya kurudi mara tu zilipoandika kwenye ukurasa wa sifuri. Mtu angeweza kuitafuta hitilafu hiyo ndani ya programu siku nzima.

Kumbuka: nyaya mbili za anwani za RAM zikibadilishana nafasi, hakuna kinachoharibika, kwa kuwa kuandika na kusoma kunapotoka kwa namna moja. Kwenye ROM, iliyoandikwa nje kwa mpangilio sahihi, kosa hilohilo linaua kila kitu.

WIKI YA 6: Bajeti ya nanosekunde

Kwa megahezi 1 mzunguko ni nanosekunde 1000. Toa 30 za anwani kutulia na 10 ambazo data lazima iwe tayari kabla saa haijashuka: zinabaki 960. ROM inahitaji 150, na geti tumelihesabia 20. Kumbukumbu inamsubiri kichakataji. Katika kompyuta za leo ni kinyume: kiini cha gigahezi 4 kina mzunguko wa nanosekunde 0.25, na safari hadi DRAM, kumbukumbu kuu yake, huchukua makumi ya nanosekunde, ndiyo maana kuna kache (kumbukumbu ndogo ya haraka karibu na kiini) na ndiyo maana DRAM ya aina ya DDR4 huleta baiti 64 kwa mkupuo badala ya moja.

Kwa megahezi 4 mzunguko ni 250, zinabaki 210 dhidi ya 170 za ROM na geti lake. Njia ya OE: nusu ya mzunguko ni 125, toa 10, zinabaki 115 dhidi ya 20 za geti na 70 za OE. Inapita, na jaribio la RAM limepita nayo.

Upande wa kuandika kuna sehemu isiyoturidhisha. Kichakataji kinaahidi kushikilia data nanosekunde 10 tu baada ya saa kushuka, wakati WE inachelewa geti moja na saa ya 74HC574 inachelewa mageti mawili, hadi nanosekunde 40. Kinachookoa ni chaji ya nyaya, ambayo hata ikiwa na rezista za kiloohmu 3.3 inachukua makumi ya nanosekunde kupotea. Inafanya kazi, ila si kwa mujibu wa ahadi ya kiwandani. Familia ya 74AC ingefupisha ucheleweshaji, lakini kingo zake kali huleta mtetemo kwenye nyaya ndefu za bredibodi, kwa hiyo tumebaki na HC.

Megahezi 8 imekataa, na hesabu ilishasema: 125 toa 40 ni 85, ROM inataka 170. RAM ya nanosekunde 55 ingeweza. Dawa ni kuishusha RDY mzunguko mmoja kila ROM inapochaguliwa, ili 85 ziwe 210. Lakini kwa mageti yetu haitoshi, kwa sababu PHI2 inaendelea kupanda na kushuka wakati RDY iko chini, na OE iliyofungwa kwa PHI2 inafunguka nusu mzunguko tu: 62.5 toa 10 ni 52.5, dhidi ya 90. Kwa hiyo OE ya ROM imehamishwa leo kutoka geti la 4 hadi geti la 2, ifuate RWB peke yake. Kuandika kunabaki salama: RWB inashuka mwanzoni mwa mzunguko, ROM inaanza kuachia, na kichakataji hakitoi data mpaka PHI2 ipande.

Kwa megahezi 4 mpangilio mpya unakwenda. Kinachofuata ni 74HC74 ya kuhesabu mzunguko mmoja wa kusubiri kwenye RDY, pamoja na kurudia jaribio lote la RAM kwa oskileta ya 8.